Damu ya Wifi Zuhura

Jamani, chekeni mapema tuyamalize, maana aibu niliyojitafutia pale kliniki mpaka leo nikipita ile barabara nashusha nikabu vizuri.

Mimi nina baridi yabisi, ile ya kuvimbisha viungo, na kila baada ya muda daktari ananipima damu aone uvimbe wa ndani umepanda au umeshuka. Mara ya mwisho ulikuwa juu, mwanangu Salum akaapa, "Mama, ukipanda tena, meza yako ya kanga Kariakoo naifunga, utakaa nyumbani Magomeni upumzike." Mimi na kupumzika wapi na wapi? Nikaona bora wifi yangu Zuhura, ambaye hata mafua humkuti nayo, akatoe damu kwa kadi yangu. Sote tunavaa nikabu, likaitwa jina langu, akaingia yeye, akatoka, kwisha. (Nilishangaa tu kwamba asubuhi nzima amegoma kukaa, nikadhani ni wasiwasi.)

Majibu yalipotoka nikaingia kwa daktari na Salum, aliyekuja baadaye kuyasikia, natembea kwa maringo. Daktari akasoma karatasi, akavibonyeza vidole vyangu, akairudia karatasi.

"Mama, vidole vimetulia, lakini damu inaonyesha uvimbe mkubwa. Una homa? Kidonda? Jipu?"

Nikakana vyote.

"Basi tunakulaza tujue ni nini."

Muuguzi akaleta kiti cha magurudumu, nikasukumwa koridoni mabenchi yote yakinitazama, nimeng'ang'ania fremu ya mlango kwa vidole hivi hivi vinavyodaiwa vigonjwa, Salum nyuma anasema meza inafungwa leo leo, na hapo Zuhura, aliyekuwa amesimama koridoni akitusubiri, akashindwa kuvumilia.

"Mwacheni wifi yangu," akasema. "Damu ile ni yangu. Na jipu ninalo."

Daktari akamuuliza liko wapi. Zuhura akatazama dari. Bibi mmoja mwenye huruma akasogea kwenye benchi kumpa nafasi, "Kaa basi, mwanangu," nami, sijui nani alinituma, nikamjibu, "Hawezi."

Walicheka hata waliokuja wanalia na magoti. Salum hakucheka.

Wakanitoa damu yangu mwenyewe, na kumbe uvimbe ulikuwa umeshuka, dawa zinafanya kazi. Daktari akanieleza kwamba kipimo kile hakichagui viungo wala jipu, kikikuta uvimbe kinapanda, halafu akaniambia taratibu, "Ungetoa yako tu, mama, saa hizi ungekuwa unauza kanga." Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano.

Meza yangu ipo, alhamdulillah, lakini sasa Salum anaingia nami mpaka maabara kuhakikisha mkono unaochomwa ni wangu. Zuhura alipasuliwa jipu, na kwa kuwa hataki mtu mwingine alione, kidonda nilimsafisha mimi kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, naye amelala kifudifudi ananikumbusha kwamba vidole vyangu ni vizima kabisa, nisisingizie. Damu ya mtu siazimi tena.