Kitanda cha Mama Mkwe Ndani ya Basi

Basi lenyewe lilikuwa la shule, limestaafu. Injini ilishang'olewa zamani, kwa hivyo lilivutwa na trekta mpaka shambani kwetu Tetu, majirani wamejipanga kando ya majani chai kama wanaongoja bibi harusi. Mmoja aliniuliza kama nimeanzisha kampuni ya usafiri. Nikamjibu kwamba ndiyo, na abiria wa kwanza ni yeye, nampeleka kwake. Sina subira na watu wanaouliza maswali ambayo majibu wanayaona kwa macho.

Niling'oa viti vyote isipokuwa cha dereva, maana watoto hawangenisamehe. Sakafu nikaitandika mbao za saiprasi. Lakini baridi ya Julai huku kwetu si ya mchezo, na bati la basi linaikaribisha: asubuhi ya kwanza tuliamka dari ikitudondoshea maji usoni. Nikaagiza magunia ya maganda ya mpunga kutoka Wang'uru, nikayashindilia kati ya bati na mbao, ukuta wote na dari. Nilipiga chafya mwezi mzima, ila joto likakaa ndani.

Mke wangu bado alikuwa na shaka. Yeye ni mwalimu, kwao ni Kakamega, na mamake alikuwa amemwambia kwa simu, "Nilikusomesha ndio uende ulale kwa stendi?" Neno hilo lilimchoma. Mimi lilinichoma zaidi, ingawa nilijifanya kucheka. Tukakubaliana mamake aje ajionee. Akilidharau basi, tunahamia nyumba ya vyumba viwili mjini Nyeri, ambayo mwenye nyumba alitaka jibu letu kufikia Jumatatu.

Nikaamua kumnasa mama mkwe kwa kitanda. Nilikijenga nyuma kabisa, penye dirisha pana linalotazama mlima, nikakipiga msasa siku tatu mpaka mtu angeweza kukilalia bila shuka. Mke wangu alipita hapo mara nyingi, akatazama, hakusema kitu. Nilidhani ameduwaa kwa ufundi wangu.

Mama alifika Jumamosi alasiri. Alipanda ngazi polepole, akagonga ukuta kwa kidole, akafungua makabati moja baada ya lingine. Mimi hakunitazama, kwao mama mkwe na mkwewe huoneana haya, kwa hivyo kila neno lilipitia kwa binti yake. Akanywa chai vikombe viwili bila kusifu wala kukashifu. Jua lilipoanza kuinama nikashindwa kuvumilia, nikavuta pazia la nyuma kwa mbwembwe.

"Mama, kitanda yako ndiyo hii. Utalala hapa."

Alisimama wima, akamgeukia mke wangu.

"Huyu bwana yako hakuna mtu alimfunza? Ati nilale kwa nyumba ya mkwe wangu? Watu wa kwetu wakisikia, nitaweka uso wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mila hiyo nilielezwa tangu tulipooana: mama mkwe halali kwa mkwewe, hata inyeshe mvua ya mawe. Nami nikaisahau kwa utamu wa msumeno. Nikabeba begi lake haraka haraka, nikampeleka kwa shangazi yangu ng'ambo ya ua, nikiomba msamaha njia nzima.

Niliporudi nilimkuta mke wangu ameketi kwenye kile kitanda, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Ulijua," nikafoka. "Siku tatu nasugua mbao, na ulijua hawezi kulala hapa!"

"Nilijua hawezi kulala kwa nyumba yako," akasema. "Lakini kama kwake hii ni gari tu, angelala. Nilitaka kuona ataiita nini."

Niliketi kando yake. Yeye akachukua simu, akampigia mwenye nyumba wa mjini, hata hakungoja Jumatatu.

"Tafuta mtu mwingine," akamwambia. "Sisi tuko na nyumba."