Siki, Mabuti na Safu ya Kwanza

Ijumaa ile mimi ndiye niliyevuta mguu, na ninalisema wazi kwa sababu aibu yake bado ninayo. Tulikuwa safu ya kwanza katika msikiti wetu wa Chole, bega kwa bega na kidole kwa kidole, mimi na kaka yangu Mwinyimadi. Harufu ya miguu yake ikapanda. Nikausogeza mguu wangu kidogo tu, naye akahisi. Ijumaa iliyofuata nilimkuta anaswali barazani peke yake, karibu na viatu vya watu, na kwa miezi miwili hakuingia tena ndani.

Kaka yangu si mchafu. Ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia kwenye shamba la mananasi, ambako majani humchana miguu yeyote asiyevaa mabuti. Jioni huoga mpaka mkewe Kudra analalamika kwamba maji yameisha. Lakini ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa nyeupe, inawasha na kubanduka, na kisigino kimoja kimepasuka.

Kudra ndiye aliyeleta siki. Msusi wake alimwambia achanganye kikombe kimoja cha siki na viwili vya maji ya uvuguvugu, mtu aloweke miguu robo saa, basi. Na kweli, wiki haikuisha harufu ikapungua sana. Nilifurahi kuliko mwenyewe. Ila kaka yangu ni mtu wa kuzidisha, hata sukari ya chai hupakia kijiko mpaka inamwagika. Akaona maji ya nini? Akamimina chupa nzima kwenye beseni na kutumbukiza kile kisigino. Yowe lake nililisikia ng'ambo ya barabara.

"Baba Raudha, si nilisema kikombe!" Kudra alikuwa akimmwagia maji safi, machozi na kicheko pamoja.

Nikampakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Nesi Ursula alimwamkia, akampima sukari kwanza, maana mwenye kisukari hachezi na kidonda cha mguu. Sukari ilikuwa sawa, nikashusha pumzi.

"Siki si mbaya, mzee," alisema. "Harufu inapunguza. Lakini hawa fangasi wameshajenga nyumba, wanataka dawa ya kupaka, wiki nne, hata ukijiona umepona. Na siki usiiguse mpaka kisigino kifunge." Kisha akaitazama ile ngozi nyeupe kama iliyolowa, akauliza, "Kwani maji yanaingiaje kwenye mabuti?"

"Hayaingii. Mabuti yangu mazima."

Nilitaka kucheka. Jibu nilikuwa nalo miaka yote. Adhuhuri na alasiri kaka hutawadha shambani kwa maji ya kidumu, halafu miguu ile ile iliyolowa huirudisha kwenye mabuti, asije akakanyaga tope kabla ya kufika kwenye mkeka. Akishaswali huyavaa tena, yamelowa ndani, mpaka jua linazama. Mimi pia hufanya hivyo, na majirani wote wa shamba.

Nikamweleza nesi. Alitutazama sisi wawili kwa zamu.

"Bebeni taulo," akasema. "Mkaushe mpaka katikati ya vidole. Na ndara za kuendea kwenye mkeka. Mabuti yaanikwe juani."

Kaka alipaka dawa kila siku bila kuzidisha, Kudra akisimamia. Kisigino kikafunga. Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, nilimkuta barazani anatandika mkeka wake palepale. Nikaukunja.

"Kaka, nilikukosea. Nisamehe, twende ndani."

Akanifuata. Safu ya kwanza walitupisha. Akasimama kando yangu, lakini miguu yake aliibana, akaacha nafasi ya shubiri nzima kati yetu. Nikausogeza mguu wangu mpaka kidole changu kidogo kikagusa chake. Akavuta. Nikamfuata. Safari hii akauacha.

Baada ya kutoa salamu aliniinamia sikioni. "Shabani, umenikanyaga swala nzima."

"Vumilia," nikamwambia.