Mtoto Alilala kwa Nani

Kwa miezi kumi na moja ya mwaka, Brynlee Zastrow, binti wa miaka tisa, alikuwa mtoto wa kusukumiana. Baba alimpigia mama simu kumwuliza kama leo si zamu yake, na mama akakiri kwamba ni zamu yake, ila kichwa kinamgonga. Ikifika Februari, msimu wa kujaza fomu za kodi, ambapo anayemwandika mtoto kwenye fomu yake hurudishiwa pesa na serikali, mtoto huyohuyo alipendwa hadi watu wakaona haya kutazama. Ghafla alikuwa na wazazi wawili, kila mmoja akiapa kwamba binti alilala chini ya paa lake karibu mwaka mzima.

Aliyejua hasa alilala wapi alikuwa bibi yake mzaa baba, Verna, mpishi wa shule ya msingi katika mji mdogo wa kaskazini mwa Wisconsin, mji wenye baa saba na taa moja ya barabarani. Verna alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mkono wake ulizoea kuchota viazi vya kuponda kwa watoto mia mbili kila mchana, na mdomo wake ulizoea kunyamaza, jambo ambalo watu walilidhania upole. Aliolewa na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akamzika, akauza ng'ombe, na katika mambo yote ya zizi lile akabaki na moja tu, kalenda.

Kila Desemba aliichukua bure kutoka kwa wale jamaa wanaoandaa mazishi, akaitundika ubavuni mwa friji. Kila jioni aliandika hali ya hewa, kina cha theluji na chakula walichokula. Mama mkwe wake alifanya hivyo, na ng'ombe aliyezaa siku ile alitiwa kwenye duara kwa herufi ya kwanza ya jina lake. Ng'ombe walipokwisha, Verna hakuona sababu ya kuacha duara likae bure. Siku ambayo mjukuu alilala kwake, aliandika B ndani ya duara; siku alipochukuliwa, aliandika pembeni, bila duara, mama au baba.

Mahakamani Darrell, mwanawe, na Tonya, aliyekuwa mke wa Darrell, walipewa mtoto wiki kwa wiki, nusu kwa nusu, kama pai iliyokatwa na mtu mwadilifu. Karatasi ya jaji ilikuwa nzuri sana. Haikutaja kwamba Darrell Jumatatu ana ligi ya bowling, ule mchezo wa kuviringisha tufe, Ijumaa ana samaki wa kukaanga kwenye baa na wenzake, na Novemba nzima yumo msituni akimvizia kulungu ambaye kwa miaka minne hajatokea. Wala haikutaja kwamba Tonya alipata kazi kwenye kasino iliyo mwendo wa saa moja, akapata na mchumba mwenye mzio wa kelele. Basi gari la baba lilisimama kwa Verna, na gari la mama lilisimama palepale. Mtoto alishuka na begi lake akalala kwenye kochi la sebuleni, kwa kuwa chumba cha pili kilijaa pembe za kulungu wa zamani, wale waliokuwa wakitokea.

Februari ile Tonya aliwahi. Alijaza fomu kwenye simu akiwa mapumziko ya kazini, akamwandika Brynlee. Dakika ishirini baadaye Darrell naye akatuma yake, ikarudishwa: mtoto huyu ameshaandikwa na mtu mwingine. Jinsi alivyopiga kelele, ungedhani mtoto ameibwa. Walitukanana kwa simu siku tatu, kisha wakakubaliana kwenda maktaba, ambako Bwana Lindqvist, mwalimu mstaafu wa hesabu, huwasaidia watu kujaza fomu bila malipo.

Kabla ya siku hiyo kila mmoja alimjia Verna kwa siri. Darrell aliitaka kalenda ili Bwana Lindqvist aone jinsi Tonya anavyomtupa mtoto. Tonya aliitaka kalenda ileile ili aone jinsi Darrell anavyomtupa. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba wote wawili wangekuwa ndani. Nyani haoni kundule, lakini wawili hawa walikuwa wakilipeleka maktaba likaonyeshwe.

Verna aliogopa, tena sana. Kalenda ikihesabiwa, wataaibika, na mtu aliyeaibika hulipiza kwa kilicho karibu. Kilicho karibu ni Brynlee. Watamchukua kwa hasira, na nyumba itarudi kuwa ile ya baada ya mazishi, redio na saa ya ukutani. Alipanga kusema kwamba ameipoteza. Darrell akaing'oa mwenyewe kwenye friji, akaibeba kwapani kama mshindi, na Verna akamfuata.

Maktabani, Bwana Lindqvist alieleza taratibu. Anayemwandika mtoto ni yule ambaye kwake mtoto alilala mara nyingi zaidi. Mwaka uliopita ulikuwa na siku mia tatu sitini na sita, hivyo wangeweza hata kulingana, na wakilingana anachukua mwenye kipato kikubwa. Darrell, ambaye Julai, ili apunguziwe pesa za matunzo ya mtoto, alimwapia jaji kwamba kiwandani wamemkatia saa hadi hana hata nauli, alikumbuka hapohapo kwamba alifanya kazi nyingi sana za ziada.

"Rudia hiyo," Tonya alisema, akitoa kalamu. "Polepole, niandike."

Bwana Lindqvist hakusubiri. Alifunua Januari akaanza kuhesabu kwa ncha ya penseli, ukurasa kwa ukurasa, akisoma kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani: theluji inchi nne, tambi na nyama, B. Baridi kali, supu ya njegere, B. Alipofika Mei, Tonya aliacha kutikisa mguu. Alipofika Novemba, Darrell alitazama dari. Mwishoni mzee alivua miwani.

"Kwa mama yake, usiku tisini na saba. Kwa baba yake, hamsini na nane. Kwa bibi, mia mbili na kumi na moja." Akamgeukia Verna. "Wewe mama ndiye unayestahili kumwandika, ukitaka. Hawa wote wawili hawana haki hiyo."

Kuzaa si kazi, kazi kulea, kila mtu aliyekuwa pale aliijua, lakini kuisikia kwa tarakimu ni jambo jingine. Tonya alisema taratibu kwamba bado yeye ndiye aliyemzaa. Darrell alimshika mama yake mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya mazishi.

"Mama, si utaniachia mimi? Mimi mwanao. Kwani anakugharimu nini? Analala kwenye kochi tu."

Verna alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema kwamba hataki chochote. Neno kochi likamgeuza.

"Mwaka wa tatu yuko kwenye hilo kochi," alisema. "Miguu yake siku hizi inaning'inia nje. Mwandike kwangu, Bwana Lindqvist."

Hawakumtukana. Walifanya alichokiogopa: wakawa wazazi. Usiku uleule Tonya alikuja kumchukua binti, na kuanzia hapo kila mmoja alimlinda kwa zamu kama lulu, na kila mmoja akaweka kalenda yake. Darrell alijitoa kwenye ligi. Mchumba wa Tonya alinunuliwa pamba za masikio. Mjini watu walisema Verna amewatengeneza wale wawili, na alijua ni kweli, na aliumia kila jioni alipoandika hali ya hewa, chakula cha mtu mmoja, na duara hakuna.

Aprili pesa za kodi zilirudi. Verna alizitupa pembe za kulungu ghalani, akapaka chumba rangi, akanunua kitanda kirefu chenye shuka za manjano. Jumapili moja baada ya ibada, Darrell alimshusha Brynlee kwa saa mbili tu, akaenda kununua mafuta ya gari. Binti alisimama mlangoni mwa chumba, hakuvuka kizingiti.

"Bibi, baba amesema nisilale hapa. Amesema nikilala inahesabiwa."

"Inayohesabiwa ni ya usiku," Verna alisema. "Mchana hauhesabiwi."

Mtoto alifikiri kidogo, akavua viatu, akapanda kitandani saa nane ya mchana jua likiwa kali dirishani, akajinyoosha hadi mwisho wa miguu yake. Kweli alilala. Verna alifunga pazia, akaenda jikoni akachukua kalamu. Aliandika: jua, theluji imekwisha, tambi na nyama. Kalamu ikabaki juu ya tarehe kwa muda mrefu, kisha akairudisha kwenye kikombe bila kuchora duara, akaketi karibu na dirisha kusikiliza kama gari linakuja.