Jina Husomwa Mara Mbili

Mimi ni mtu wa wivu, nawaambia mapema. Siku yangu ya kwanza redioni hapa Kisangani nilimwonea wivu kila aliyekaribia maikrofoni. Mkuu wa matangazo aliniketisha nyuma nisikilize komunike, yaani tangazo la msiba. Siku zile mtu akifiwa alikimbilia kwetu, ili ndugu wa Yanonge na Isangi, miji ya kando ya mto, wasikie na kuwahi matanga kwa pirogi, mitumbwi yetu.

«Sikia muzuri, mama,» mkuu aliniambia. «Jina ya mutu unaisoma mara mbili. Akiwa mukubwa, mara mbili. Akiwa muuzaji wa samaki, mara mbili. Bila haraka.»

«Na kama komunike iko mingi, chef?»

«Alors, tunakata muziki.»

Niliishika kanuni hiyo chini ya wakurugenzi wa kila tabia, akiwemo mmoja aliyezima maikrofoni kila aliposikia kosa la Kifaransa.

Kisha majeshi ya nchi mbili jirani, yaliyokuwa yameingia kwetu bila hodi, yakapigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji. Bomu likaangukia uwanja wa dada yangu Albertine akiwa anatwanga lituma, ndizi zetu za kuponda. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umekatika na redio yetu iko kimya. Tulimzika nyuma ya nyumba, bila komunike. Shangazi yetu wa Isangi alipata habari matanga yamekwisha, na mpaka anakufa aliamini tulimficha makusudi.

Nilipopata betri nilitafuta redio za nje, nisikie dunia inasemaje. Ilizitaka pande zote zijizuie. Pande zote! Sisi tuliokuwa tunazikana tulikuwa upande gani?

Miaka ikapita. Nilikuwa karibu kustaafu, Ukraine ilipovamiwa na jirani yake mwenye nguvu. Nilikaa mbele ya televisheni nikaona wivu, tena si wa utani, wa kunikosesha hamu ya kula. Mvamizi alitajwa kwa jina tangu siku ya kwanza. Nchi nyingi zilikataa kufanya biashara naye, waliokimbia wakafunguliwa milango, na waliokufa wakaonyeshwa sura zao. Hivyo ndivyo mataifa yanavyopaswa kufanya, na mimi nilipiga makofi. Lakini nilipiga makofi kama mtoto anayetazama nyama kwenye sahani ya mwenzake. Sikutaka wapunguziwe wao. Nilitaka na sisi tupakuliwe.

Siku yangu ya mwisho kazini, mkurugenzi wetu, kijana mpole, alinipa kipindi maalumu cha kusoma majina ya marehemu wa kule Ukraine.

«Sauti ya matanga iko kwako tu, mama.»

«Na wetu, Monsieur le Directeur?»

«Wetu iko habari ya zamani.»

«Dada yangu hawajamusoma bado. Komunike yake haiko ya zamani. Iko na retard tu, imechelewa.»

Aligonga kioo cha régie, chumba cha fundi wa sauti, akamwashiria fundi angoje. «Bon. Utamusoma. Lakini saa iko kidogo.»

«Basi kata muziki.»

Majina ya Kiukraine yalinipa taabu ulimini. Niliyasoma yote mara mbili, bila haraka, ingawa wivu ulinichoma kifuani, kwa sababu maiti wa kule hawakunikosea kitu. Kisha, kwa sauti ileile, nikawatangazia ndugu wa Isangi kifo cha dada Albertine, aliyeuawa na bomu la wageni uwanjani kwake. Nikarudia: dada Albertine.

Wananiuliza kama moyo ulitulia. Haukutulia, na wivu ninao mpaka leo. Asubuhi iliyofuata nilirudi redioni kuchukua thermos yangu, nikidhani nimemaliza kazi. Nilikuta watu wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja na jina la mtu wake aliyekufa katika vita ile ya mji wetu. Mkurugenzi alisimama getini, shati limelowa jasho.

«Mama, usiende kwanza,» akasema. «Muziki tumekata yote.»