Nyoka Kwenye Mfuko wa Meshi

Niseme ukweli mapema, maana nikificha, dada yangu mdogo atawaambia: nyumba ya nyoka niliifunga kwa mpira wa nywele. Mmoja tu. Ule mweusi mwembamba ambao Mama hufungia ncha za rasta za wateja, na ambao hata ukiupigia chafya unakatika. Nyoka mzima, ndani ya kopo la aiskrimu lenye matundu ubavuni, na ulinzi wote ni mpira wa nywele. Kisha nikaliweka kopo juu ya dekoda ya televisheni lipate joto, nikaenda kuoga huku naimba.

Nyoka hakuwa wangu. Rafiki yangu wa darasani alikwenda Johannesburg na wazazi wake wakati wa likizo, akaniomba nimtunzie kwa wiki moja. Ni wa aina isiyo na sumu, ana rangi ya machungwa na madoa, mwembamba kama kidole, mrefu kama mkono wangu, mpole kuliko watu wote wa nyumbani kwetu. Mama alijua kopo lile ni kazi ya sayansi ya shule. Sikudanganya sana. Sayansi ilikuwemo, tena ilikuwa inapumua.

Mama anasuka nywele hapahapa kwetu, mtaa wa Umbilo, sebuleni, ghorofa ya tatu. Ijumaa hiyo alikuwa anakuja bibi-arusi wa kanisani, harusi kesho yake. Kanisani kwetu nyoka ndani ya nyumba si mnyama, ni kazi ya mtu mbaya. Bibi-arusi akipiga kelele moja tu, kwaya nzima itasikia kabla ya jioni, na hakuna atakayeleta tena kichwa chake kwetu. Na kile kiti cha kusukia ndicho kinachotulisha.

Basi natoka bafuni, kopo wazi, mpira umekatika, dekoda iko peke yake.

Mama alikuwa ameshuka mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, kumpokea bibi-arusi, ambaye hakulijua jengo letu. Nikampigia rafiki yangu.

"Mwaga unga sakafuni," akasema. "Akipita utaona njia yake."

Unga uliokuwepo ni mmoja, wa fufu, yaani ugali wa kwao Mama, ule uliotoka Lubumbashi kwa basi kwenye mapaja ya shangazi. Nikaumwaga kuanzia jikoni hadi mlango wa sebule.

"Yaya, Mama atakuua mara mbili," dada yangu akasema. Yaya ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake; ana miaka minane na roho ya hakimu.

"Mara ya pili sitasikia."

"Basi mimi nitamwambia aanze na ya pili."

Tukajificha nyuma ya mlango wa bafu. Haikuchukua muda. Nyoka alitoka chini ya friji na kuvuka korido upesi kuliko nilivyotegemea, na mimi nikateleza kwenye unga nikaanguka kifudifudi. Nilipoinua uso, mweupe kama mzimu, alikuwa ameshaingia sebuleni. Nyuma yake kulibaki mstari uliopindapinda kama sahihi ya daktari, ukaishia pale zulia linapoanzia. Hapohapo ufunguo ukazunguka mlangoni.

Mama akatazama sakafu. Akanitazama mimi.

"Iko nini hii?"

"Nilitaka kukupikia fufu, Mama."

Tangu nizaliwe sijawahi kuchemsha hata maji. Bibi-arusi akasema, "Mama, uko na mtoto muzuri."

"Huyu? Ngoja kwanza," Mama akasema, akanipa ufagio.

Kazi ikaanza. Kwetu anayesuka ni Mama, watoto tunachambua meshi, yaani tunazigawa zile nywele za dukani ziwe mafungu membamba, tunazirudisha mfukoni. Mama hatazami mfuko. Macho yake yako kichwani kwa mteja, mkono unashuka wenyewe, unakamata fungu, unapanda. Siku hiyo bibi-arusi alikuwa amechagua rangi ya shaba, ifanane na nguo za wasimamizi.

Nilikuwa nachungulia chini ya kochi nilipoona fungu moja la shaba mfukoni linajipanga upya. Feni ilikuwa imezimwa.

"Mama, acha mimi nikupatie," nikasema, nikaruka.

"Kaa pale. Leo uko na bidii sana, inanitia woga."

Mkono ukashuka. Ukakamata. Ukapanda.

Katikati ya safari ukasimama. Mama akatazama alichoshika, na nyoka, ambaye anapenda joto, akajizungusha taratibu kwenye kiganja chake. Nimemwona Mama akipigia kelele mende. Sasa midomo yake ilifunguka, ikafungika. Mbele yake kiliketi kichwa cha bibi-arusi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Mama, kuna nini?" bibi-arusi akauliza.

"Hapana, mpenzi. Hii meshi haiko ya kwako."

"Niione. Mimi nilipenda ile rangi."

"Usigeuke, nitakuvuta. Hii haikae kwa kichwa. Inatembea."

Akaninyooshea nyoka nyuma ya mgongo wa bibi-arusi, polepole, kama anayekabidhi mtoto aliyelala. Nikampokea, nikakimbilia chumbani. Nyoka koponi, kifuniko, kamusi juu ya kifuniko, dada yangu juu ya kamusi. Alikaa pale masaa manne, nikimpelekea mkate na chai kama mfungwa wa heshima, nami sebuleni nikichambua meshi peke yangu. Nilikuwa nikiuma ulimi nisicheke. Mama alikuwa akiimba pambio, sauti ikitetemeka mistari miwili ya mwanzo, kisha ikatulia. Kila akimaliza rasta moja ananitazama mara moja.

Bibi-arusi akajiona kwenye kioo, akafurahi, akamkumbatia Mama na kushuka. Mama akafunga mlango kwa ufunguo. Akanawa mikono mara tatu. Akaketi kwenye kiti cha wateja, na mimi nilikuwa nimeshapiga magoti kabla sijaambiwa.

"Niliishika kichwa ao mukia?"

"Mkia, Mama. Karibu na katikati."

Akafikiri kidogo.

"Bon, sawa. Ilete niione sura. Siwezi kushikana mukono na kitu chenye sijajua uso yake. Kisha nitakupiga, na hakuna haraka, bibi-arusi ameenda."