Msemaji wa Gari la Mama Modesta

Hebu mwone Mhoja anavyoingia kwenye ua wa Mama Modesta, kule Kirumba, jua likiwa bado nyuma ya mawe. Hana haraka. Anaweka kiganja kwenye boneti, anainama kuchungulia chini, anazunguka taratibu, kama baba yake alivyokuwa akizunguka zizi kule Magu kabla ya kwenda kumweleza babu ng'ombe wameamkaje. Ndipo anasogea barazani, mama anapokunywa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mhoja. Enhe, habari ya gari?"

"Limeamka salama, ila mguu wa mbele kushoto unakohoa. Leo tusilibebeshe sana."

Mama hucheka, humsogezea kikombe. Miaka kumi na saba mambo yalikwenda hivyo. Mama Modesta ni mjane, anauza dagaa soko la Mwaloni, na hajui hata kuwasha gari. Alimjua Mhoja, Mhoja akalijua gari. Ikatosha.

Mwaka huu akaja Otuoma, dalali wa magari mwenye kijiofisi Mkuyuni. Aliondoka na lile kuukuu, akaleta jingine lenye kioo kipana kama sinia mbele ya usukani, na ndani yake laini ya simu.

"Mama, siku hizi hununui bati, unanunua akili iliyomo," alisema. "Likiwa na shida litakwambia lenyewe kwenye simu yako. Likipungukiwa ujuzi, waliolitengeneza watalirushia mwingine kwa mtandao kutoka huko huko waliko, wewe umelala."

"Na hayo ya zamani?" Mhoja akauliza.

"Ngosha," Otuoma akamtania kwa lugha ya kwao, "hayo yanashuka bei kama nyanya za jioni. Miaka kumi ijayo, gari lisilo na mtandao utaliuza kwa kilo."

"Na dereva naye kwa kilo?"

Otuoma alicheka peke yake.

Tangu hapo Mhoja akifika barazani hukuta habari zimeshamtangulia. Mama ameinamia simu, miwani puani. "Mafuta yako nusu. Breki nzima. Ah, Mhoja, jana pale Buzuruga umekanyaga breki kwa hasira mara nne. Limekupa alama sitini na tano kati ya mia."

Sitini na tano! Gari la juzi linampa alama mtu aliyepita njia ya Magu kabla halijaundwa. Lakini alama hazikumuuma kama kile kicheko. Mama alikuwa akiichekea simu vile vile alivyokuwa akimchekea yeye. Wivu wa mtu kwa mtu una pa kwenda, mtagombana, mtasutana, yataisha. Wivu kwa gari utaupeleka wapi? Mhoja alianza kulifungia mlango kwa kishindo. Alipoliosha, aliruka kioo cha kamera ya nyuma, akakiacha na tope lake.

Kisha mama akasema neno lililomnyima usingizi. "Nafikiri nijifunze kuendesha. Otuoma anasema lenyewe litanielekeza. Wewe nawe upumzike, umechoka."

Kupumzika. Mhoja anajua maana yake.

Alikuwa amemsikia Otuoma akisema kwamba gari hilo halipimi upepo wa tairi mpaka litembee. Basi alfajiri ya Jumanne akachuchumaa kwenye tairi la nyuma na kijiti cha kiberiti, akabonyeza pale pa kujazia upepo. Fss. Si wote, kiasi tu. Akajifuta mikono, akaenda barazani.

"Mama, tairi la nyuma linapungua upepo. Simu imekwambia?"

Mama Modesta alimgeuzia simu. Mhoja akajiona humo, mgongo wake na kofia yake ya sufu, amechuchumaa pembeni ya gari.

"Lina jicho," mama akasema. "Mtu akilisogelea linampiga picha, inaniletea. Imenikuta kitandani. Nikakutazama, nikasema, mwone Mhoja, giza hili, anakagua tairi. Na simu yenyewe haina habari." Akavua miwani. "Ya kujifunza kuendesha nimeyaacha. Utanipeleka wewe mpaka tuzeeke."

Akamsogezea kikombe. Chai ilikuwa tamu, Mhoja akaimeza kama dawa.

Mambo hayakuishia hapo. Mama alimpigia Otuoma, akamwambia aje alichukue gari lake bovu, na wale wauza dagaa wenzake watatu wa Mwaloni, aliotaka kuwapeleka wakanunue kwake, atawakataza.

Otuoma alifika na bodaboda, shati limemganda mgongoni. Akajaza upepo, akapaka maji ya sabuni tairi zima, akatazama povu. Hakuna msumari, hakuna tundu, hakuna hata kipovu kimoja. Akainuka taratibu, sabuni ikimchuruzika viganjani.

"Mama, tairi hili ni zima."

"Mhoja hajawahi kunidanganya," mama akasema. "Miaka kumi na saba."

Otuoma akamgeukia Mhoja. Safari hii hakumtania. "Kaka, nina watoto wanne, na jina langu ndilo duka langu. Wewe ndiye unayelijua gari hili. Upepo umepitia wapi kutoka?"

Mama Modesta naye akamtazama, kwa macho yale yale ambayo Mhoja alikuwa ameyakosa miezi yote ile.

Sasa wewe, ungekuwa Mhoja, ungemjibu nini?