Msomaji wa Bariyeri

Nilipaswa kukataa siku ile kiongozi wa nyumba kumi alipokuja gereji kwetu Gatsata kuniomba nisome vitambulisho kwenye irondo, zamu ya ulinzi wa mtaa. Wakati huo vita bado vilikuwa kaskazini, tukivisikia redioni. Nilikuwa chini ya pikapu, mikono imejaa grisi. Vedasti, fundi rangi wetu, alikuwa akisugua mlango kwa msasa na kuimba vibaya kama kawaida yake.

"Wewe Hamisi umefika sekondari," kiongozi akasema. "Hawa wengine wanashika kitambulisho juu chini."

"Mchukue, sha," Vedasti akadakia. "Injini zimemshinda, labda herufi ataziweza."

Tukacheka, nikakubali. Sikulazimishwa wala sikuogopa. Nilipenda kuombwa. Wazee wengi wa rika langu wakisimulia mambo haya huanzia pale walipowekewa bunduki kichwani. Mimi nilianzia kwenye sifa.

Zamu zenyewe zilikuwa za kawaida. Tulikunywa chai, tukawauliza wageni wanatoka wapi. Nilikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufungua kitambulisho, kama karani, na watu walisimama kimya mpaka nimalize. 

Kisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na irondo ikawa bariyeri; sasa kilichotafutwa kwenye vitambulisho kilikuwa mstari wa kabila. Mahali palikuwa palepale, juu ya barabara inayoshuka Nyabugogo. Liliongezwa gogo la kufunga njia, ikaongezwa pombe, yakaongezwa mapanga, na wanaume wa mitaa mingine ambao sikuwafahamu. Hakuna aliyeniuliza kama naendelea na kazi. Nami sikusema kwamba nimeacha.

Mke wangu, Mama Zuhura, aliona kazi yangu inaweza kuokoa mtu. Alitengeneza nafasi darini, juu ya chumba cha binti yetu, akamtumia Vedasti ujumbe kule alikojificha Kinyinya: aje mchana, apitie bariyeri yetu, Hamisi ndiye anayesoma. Hakuniambia. Hakuona haja ya kuniambia. Vedasti alikuwa akila kwetu kila Idi.

Alikuja mchana, na ovaroli yake yenye madoa ya rangi.

Akanipa kitambulisho kama alivyokuwa akinipa spana.

"Huyu iko nini?" akauliza mwenye panga.

Nililamba kidole. Nikafungua.

Nikasoma kilichoandikwa.

"Hamisi," Vedasti akasema. 

Niligeuza uso. Masikio sikuweza kuyageuza.

Nimejiuliza sababu miaka yote hii. Sikuwa na chuki naye. Niliogopa kwamba huenda mmoja wa wale wanaume anajua kusoma, na nikidanganya atanigundua. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma.

Niliporudi nyumbani Mama Zuhura alikuwa jikoni na chungu cha maharage.

"Amepita?"

"Nani?"

"Vedasti. Nilimwambia aje kupitia kwako."

Niliinama kuvua viatu.

"Ulisoma nini, Baba Zuhura?"

"Kilichoandikwa."

Akarudisha kifuniko juu ya chungu. Hakupakua.

Miaka mingi baada ya vita nilikiri mbele ya gacaca, mahakama ya wananchi wa mtaa, mama yake Vedasti akiwa ameketi karibu nami kiasi cha kusikia anavyopumua. Nilifungwa. Kifungo sitakieleza, nilikistahili. Nilipotoka nikaikuta familia yangu imehamia Batsinda, na hapo nikaona jambo ambalo hakuna mahakama iliyonisomea.

Mama Zuhura alikuwa analala mchana kutwa, uso umeelekea ukutani. Alikuwa haogi. Chakula kilichacha pembeni yake, na harufu yake ikajaa chumba. Majirani walisema ni uvivu, wengine wakaleta ubani wa kufukuza mashetani. Mshauri wa afya wa mtaa ndiye aliyesema ni ugonjwa, agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi, na kwamba una dawa. Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, dada mpole, akampa vidonge na kumwambia ashike kazi moja ndogo kila siku, hata kama hana hamu nayo.

Basi kila asubuhi nachemsha maji. Nikimpelekea mimi, yanapoa. Akiyapeleka Zuhura, anaoga. Kidonge nakiweka juu ya stuli na kutoka nje. Nikibaki mlangoni hakimezi. Kazi aliyoichagua ni kuchambua maharage uani pamoja na wanawake wa jirani.

Siku moja nilimuuliza nifanye nini zaidi.

"Usiniulize," akasema. "Mimi ndiye niliyemwonyesha njia."

"Mimi ndiye niliyesoma."

"Najua. Lakini yeye aliniamini mimi."

Muuguzi aliniuliza na mimi kama nalala. Nikamwambia silali, nyama siili, na napiga mswaki mpaka fizi zinatoka damu. Akasema huenda na mimi nina ugonjwa uleule.  Ugonjwa ule niliuona ni wa aliyefungua dari yake kumficha mtu, na kuupewa mimi kulikuwa kama kuvishwa nguo za marehemu.

"Mzee, ugonjwa hauulizi nani ana haki," akasema. "Kunywa dawa, utoke nje, ufagie uwanja."

Nakunywa. Nafagia. Siku nyingine ufagio ni mzito kuliko gari lolote nililowahi kuinua, na bado nafagia.

Kila mwaka wakati wa maombolezo wanaume kama mimi husimama na kusimulia kwa sauti tamu, wakifuta miwani, na watu huwashukuru kwa ujasiri. Nami niliwahi kusimama. Nilitamka majuto yangu kwa sentensi nzuri. Walipopiga makofi nikaenda nyuma ya jengo na kutapika, maana ilikuwa sauti ileile ya bariyeri, na bado ilikuwa inapenda kusikilizwa.

Mama Zuhura sasa ana nafuu. Anapika siku mbili tatu kwa wiki. Mchana, kupitia dirishani, namsikia akicheka na wenzake kule uani, kicheko kinene nilichokisahau. Juzi nilitoka nje nikiwa na ufagio. Kicheko kikakatika. Wenzake wakainamia maharage yao. Nikarudi ndani, na baada ya muda kikaanza tena.

Kifo cha Vedasti ni hasara ya mama yake, siwezi kuihesabu kuwa yangu. Yangu ni hii: kwa kukubali kusoma nilimpoteza mke wangu. Anaishi chumba cha pili, anapona, na anapona vizuri zaidi mimi nisipokuwepo.